Meli Moja, Bahari ya Kilomita Laki Saba: Maswali Yenu Kuhusu Vyombo vya Doria

Makala ya toleo lililopita kuhusu meli za doria ambazo Australia huzigawia nchi za visiwa vya Pasifiki imeleta barua nyingi. Kwa walioikosa: kati ya 1987 na 1997 Australia iligawa meli 22 za urefu wa mita 31.5 kwa nchi 12. Kuanzia Novemba 2018 ikaanza kukabidhi aina mpya iitwayo Guardian, iliyojengwa na kampuni ya Austal huko Henderson, Australia Magharibi. Guardian ina urefu wa mita 39.5 na upana wa mita 8, chini yake huingia majini mita 2.5, inachukua watu 23, na kasi yake ni noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Ikienda kwa noti 12 inamaliza maili 3,000 za baharini bila kuongeza mafuta. Barua zenye swali moja tumeziunganisha.

Wahariri, salaam. Mmesema Tuvalu ina meli moja tu ya doria. Meli moja inalinda nini? Si maonyesho tu hayo?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Tupige hesabu kwanza. Umbali ambao rada inaona hutegemea kimo cha antena na kimo cha chombo kinachotafutwa: chukua mzizi wa pili wa kila kimo kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 2.2, utapata maili za baharini. Antena ikiwa mita 12 juu ya maji na meli ya uvuvi ikiwa na mita 4, jibu ni maili 12. Kwa hiyo meli ya doria inafagia ukanda wa maili 24, kumi na mbili kila upande. Kwa mwendo wa noti 12, hiyo ni kama kilomita za mraba 23,700 kwa siku nzima.

Tuvalu ina nchi kavu ya kilomita za mraba 26, lakini eneo lake la uchumi wa bahari, yaani bahari ambayo samaki wake ni haki ya nchi hiyo, linazidi kilomita za mraba 700,000. Kulifagia mara moja kunahitaji karibu mwezi mzima, tena iwapo wavuvi watakubali kutulia mahali walipo wakisubiri kuonekana. Meli ya jodari inayokwenda noti 10 haisubiri. Na rada ikikutana na mtumbwi wa mbao au boti ya fiba kwenye mawimbi, ile maili 12 inaweza kushuka hadi 3 au 4.

Kwa hiyo umeuliza vizuri. Meli peke yake, bila taarifa, inachoma mafuta tu. Inaanza kuwa na maana pale inapoambiwa iende wapi: kisanduku cha kufuatilia meli zenye leseni kinachotuma mahali zilipo kupitia setilaiti, mtambo wa utambulisho ambao sheria za kimataifa zinautaka kwenye meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300 za ujazo, na ndege za doria. Nchi za Pasifiki zimeunganisha taarifa hizo kupitia shirika lao la uvuvi lenye makao Honiara, Visiwa vya Solomon, lenye wanachama 17. Chombo kilichozima mtambo wake usiku mpakani mwa eneo ndicho kinachofuatwa asubuhi.

Tatizo la kweli la kuwa na meli moja ni jingine: siku ikiwa chelezoni kwa matengenezo, nchi haina kitu. Na huko chelezoni nako si salama. Te Mataili II ya Tuvalu iliharibiwa vibaya na vimbunga vya 2023 ikiwa Vanuatu, ikabidi Australia ilete nyingine, Te Mataili III, mwaka 2024.

Hamjambo wahariri. Kama meli inaweza noti 20, kwa nini mnataja noti 12 kila mara? Si afadhali iende mbio imalize kazi?
*Msomaji, Likoni*

Hatujambo. Guardian ina injini mbili za Caterpillar za kilowati 2,000 kila moja. Injini za aina hiyo hula takriban gramu 200 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa. Zote mbili zikisukumwa hadi mwisho, hesabu inatoa kama lita 950 kwa saa, yaani lita 47 au 48 kwa kila maili.

Nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuzidishwa mara tatu kwa yenyewe. Ukishuka hadi noti 12 unahitaji kama sehemu moja ya tano ya nguvu, na matumizi, kwa kuwa injini yenye mzigo mdogo hula zaidi kidogo kwa kila kilowati, yanaangukia lita 220 hadi 230 kwa saa. Kwa safari ya maili 200, umbali wa kufika ukingo wa eneo la uchumi, noti 20 zitakula lita 9,500 ndani ya saa 10. Noti 12 hazifikishi lita 4,000 ndani ya saa 17. Hapo hatujagusa jenereta, ambazo hazizimwi.

Makadirio haya yanabadilika kwa hali ya bahari, uchafu wa sehemu ya chini na uzito. Lakini uwiano ndio huo, na ndiyo maana nahodha anaitunza ile noti 20 kwa ajili ya kukimbiza. Kukimbiza kwa saa tatu kunakula dizeli ya doria ya zaidi ya saa 12. Baada ya hapo bado kuna kumsindikiza uliyemkamata: maili 300 kwa noti 8 ni saa 37 na nusu. Tangi likiwa halina akiba hiyo, ni bora kupiga picha, kuandika na kumwacha aende kuliko kuishia baharini wote wawili.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Hizi meli zinaharibika wapi zaidi? Na je, ni kweli zile mpya zilitoka kiwandani na kasoro?
*Fundi, Kigamboni*

Tuanze na la pili, ndiyo. Februari 2021 ziligunduliwa nyufa kwenye kiungo kati ya injini na giaboksi. Mwaka 2022 serikali ya Australia ikatangaza mengine: mfumo wa kutolea moshi ulikuwa ukivujisha gesi ya kaboni monoksidi kwenye chumba ambacho kwa kawaida hakikai watu, na chumba cha wagonjwa kilikuwa hakipati hewa ya kutosha. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kwenye chombo chochote chenye bomba la moshi linalopita chini ya sitaha, weka kengele ya gesi katika kila chumba linamopita, na usimruhusu mtu aingie chumba kilichofungwa mpaka feni ifanye kazi na kipimo kisomwe.

Sasa la kwanza, ambalo kwa fundi ndilo lenye faida. Rudi kwenye noti 12: kila injini inatoa kama kilowati 430 kati ya 2,000. Hiyo ni chini ya robo ya mzigo wake. Injini kubwa ya dizeli ikikaa chini ya asilimia 30 kwa saa nyingi, shinikizo ndani ya silinda halitoshi kuzikandamiza ringi vizuri ukutani, joto halitoshi kuunguza dizeli yote, na oili inapenya juu. Matokeo utayaona kwa macho: majimaji meusi yanayochuruzika kwenye maungio ya bomba la moshi, masizi kwenye ncha za nozeli, moshi wa bluu unapoongeza kasi ghafla, na oili inayopungua bila tone kuonekana chini. Ikiendelea, kuta za silinda zinalainika na kung'aa kama kioo. Hapo hakuna dawa isipokuwa kufungua.

Kinga ni ratiba. Kila baada ya saa nne hivi za mwendo wa chini, pandisha polepole hadi asilimia 60 au 70 ya mzigo, ukae hapo dakika 20 hadi 30, halafu ushuke polepole vilevile. Wengine huendesha injini moja na kuzima ya pili, kwa zamu, ili inayofanya kazi ibebe mzigo wa maana. Ni njia nzuri lakini ina mtego. Maji yataendelea kuizungusha rafadha ya upande uliozimwa, shafti itazunguka, na giaboksi itazunguka bila oili kwa sababu pampu yake kwa kawaida huendeshwa na injini iliyolala. Soma kitabu cha giaboksi yako: aina nyingine huruhusu kwa saa chache, nyingine hutaka pampu ya umeme ya ziada, nyingine hutaka shafti ifungwe breki. Usibahatishe.

Mengine ni yale unayoyajua, ila huku yanauma zaidi kwa sababu duka la spea liko maili elfu mbili:

Chujio la maji ya chumvi. Karibu na midomo ya mito na bandari zenye taka, lifunguliwe mara mbili kwa kila zamu. Mfuko mmoja wa plastiki unatosha kupandisha joto la injini hadi kengele ilie. Kama maji ya kupoozea yanatoka kidogo na chujio ni safi, angalia mapanga ya mpira ya pampu. Na vipande vilivyovunjika vitafute mpaka uvipate vyote, maana vimekwama mbele kwenye kipooza joto.

Maji ndani ya dizeli. Tangi likikaa nusu kwenye joto la tropiki, unyevu unageuka matone kwenye kuta na kushuka chini, na vijidudu vinaota pale dizeli inapokutana na maji. Utaona utelezi mweusi kama makamasi kwenye filta. Jaza tangi ukifika bandarini, fungua kizibo cha kitenganisha maji kila siku, na ukichukua mafuta kwenye kisiwa usichokijua, pima kwanza kwa rangi ya kutambua maji kwenye kijiti.

Zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ya meli viliwe na chumvi badala ya chuma chake. Watu hubadilisha ikiisha. Ibadilishwe ikifika nusu. Na zinki ambayo baada ya miezi sita bado ni mpya isikufurahishe. Aidha imepakwa rangi na mtu mwenye bidii, au waya wake haugusi chuma sawasawa, na kinacholiwa badala yake ni rafadha yako.

Mbona sikuona mzinga kwenye picha mliyoweka?
*Msomaji, Bagamoyo*

Kwa sababu hukabidhiwa bila silaha kuu. Sitaha ya mbele imeimarishwa iweze kubeba mzinga wa hadi milimita 30, na pembeni bunduki nzito za rashasha. Nchi yenyewe huamua. Nyingi ya nchi hizi hazina jeshi, na meli iko chini ya polisi.

Askari wanapandaje meli ya uvuvi katikati ya bahari iliyochafuka, na wakishapanda wanatazama nini?
*Msomaji, Tanga*

Guardian ina mteremko tezini, yaani nyuma: boti ya mpira yenye sakafu ngumu huteleza kuingia majini huku meli ikiendelea na mwendo wa taratibu. Ile ya kushushwa kwa winchi ubavuni hugonga na kuvunja vidole.

Kosa la wengi ni kuiamuru meli ya uvuvi isimame kabisa. Meli iliyosimama hugeuka ubavu kwa mawimbi na kuyumba vibaya, na ngazi inapanda na kushuka mita mbili. Iamuriwe ishike njia moja kwa noti 5 au 6, upepo ukipiga upande wa pili, na ngazi ishushwe demani. Ngazi isifike majini, boti itaikanyaga. Mabaharia wote wakusanyike sehemu moja ya wazi, mikono ionekane, isipokuwa nahodha na aliye kwenye injini. Mtu hupanda boti inapokuwa kileleni mwa wimbi, si inaposhuka, na hashiki kitu mkononi. Mizigo hufuata kwa kamba.

Juu, jambo la kwanza ni mahali na saa: soma GPS ya meli ya doria na ya mtuhumiwa, piga picha zote mbili. Kisha leseni, orodha ya mabaharia, na kisanduku cha kufuatilia, kama kina umeme na lakiri yake haijaguswa. Halafu kitabu cha kumbukumbu za uvuvi, ambacho lazima kilinganishwe na ghala. Jodari walioganda na kupangwa huwa kama nusu tani au zaidi kidogo kwa kila mita moja ya ujazo. Ukipima urefu, upana na kina cha shehena, unapata makadirio. Kitabu kikisema tani 20 na ghala likasema 60, una la kuuliza. Mapezi ya papa huhesabiwa dhidi ya miili yake. Shusheni pia wakaguzi kwenye friji ya jikoni na vyumba vya kulala, maana kilicho haramu hakikai ghalani.

Assalaam alaykum. Nasoma sheria. Meli ya doria ikimkuta mvuvi haramu naye akakimbilia bahari kuu, inaruhusiwa kumfuata?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Wa alaykum salaam. Inaruhusiwa, kwa masharti ambayo yakivunjwa mkamataji ndiye anayelipa. Yako kwenye ibara ya 111 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982.

Kukimbiza kuanzie wakati mtuhumiwa, au boti zake ndogo, yuko ndani ya eneo ambalo sheria iliyovunjwa inahusika. Kuanze baada ya kutoa ishara ya kusimama, ya kuonekana au kusikika, kutoka umbali ambao kweli anaweza kuiona au kuisikia. Kusikatike. Na kukome pindi anapoingia bahari ya kitaifa (ukanda wa hadi maili 12 kutoka pwani) ya nchi yake au ya nchi nyingine. Ndege inaweza kuanzisha na meli ikapokea, ilimradi mnyororo usikatike.

Mfano ambao kila ofisa wa meli ya doria anapaswa kuujua ni wa Saiga. Hii ilikuwa meli ya mafuta yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines, ambayo Oktoba 1997 iliuzia dizeli meli za uvuvi ndani ya eneo la uchumi la Guinea, Afrika Magharibi. Boti za doria za Guinea ziliikamata siku iliyofuata, nje ya mpaka wa kusini wa eneo hilo. Kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, na hukumu ya tarehe 1 Julai 1999 ikailemea Guinea. Mahakama ilisema masharti ya kukimbiza hayakutimia, kwa kuwa muda ambao ukimbizaji ulidaiwa kuanza Saiga ilikuwa mbali mno kuona au kusikia ishara yoyote, na pia kwamba Guinea haikuwa na haki ya kutumia sheria zake za forodha katika eneo la uchumi. Ikalaumu nguvu iliyotumika: meli ilikuwa imejaa, imelala chini majini, mwendo wake haukuzidi noti 10, ingeweza kupandwa bila taabu, lakini ilipigwa risasi za moto. Guinea ikaamriwa kulipa dola 2,123,357 za Marekani.

Kwa ofisa aliye darajani maana yake ni hii: andika saa na mahali pa kila ishara. King'ora, taa na bendera zitangulie; redio ya chaneli 16 iwe nyongeza tu. Risasi ya onyo hupigwa mbele ya omo baada ya ishara kupuuzwa, na kuipiga meli yenyewe ni hatua ya mwisho kabisa, tena kwa kulinda roho za watu.

Soma pia ibara ya 73. Kwa makosa ya uvuvi katika eneo la uchumi, meli na mabaharia waachiwe mapema wakitoa dhamana ya kiasi, na adhabu isiwe kifungo isipokuwa nchi husika zimekubaliana.

Ile meli ya "samaki wa Magufuli" iliishaje, na ilikamatwa na nani? Huku kijiweni tunabishana.
*Wabishi, Temeke*

Ilikuwa Tawariq 1. Ilikamatwa Machi 2009 katika eneo la uchumi la Tanzania na Sarah Baartman, meli ya doria ya Afrika Kusini, katika operesheni ya pamoja ya nchi za SADC. Marehemu John Magufuli alikuwa waziri wa uvuvi, ndipo jina likamshika. Shehena ilikaribia tani 300 za jodari, na ikagawiwa kwa taasisi. Nahodha na wakala walihukumiwa mwaka 2012, lakini Mahakama ya Rufani ikaufuta mwenendo mzima wa kesi mwaka 2014. Meli ikachakaa bandarini.

Ubishi wenu una upande mmoja mnaousahau: gharama baada ya kukamata. Samaki wanahitaji friji, friji inahitaji jenereta, jenereta inahitaji dizeli na mtu wa kuiangalia usiku. Meli iliyofungwa gatini huingiza maji kwenye vizibio vya shafti, na bila pampu inazama mahali pale pale ilipo. Nchi ndogo inayopanga doria inapaswa kupanga pia gati la mahabusu, mlinzi, mizani na ghala la baridi kabla meli haijaondoka.

Nimesikia baadhi ya meli hizi zimepanda mwamba. Zina rada na GPS zote, inakuwaje?
*Baharia, Muscat*

Umesikia sawa. Nafanua II ya Samoa ilipanda mwamba Agosti 2021, karibu na Salelologa kisiwani Savai'i, na uharibifu ukaonekana hautengenezeki. Puamau ya Fiji ilikwama Juni 2024 huko Fulaga, ikiwa katika safari yake ya kwanza ya doria.

Kila ajali ina sababu zake, ila hatari ya jumla kwenye matumbawe inajulikana. GPS inakwambia ulipo kwa mita chache. Ramani iliyo chini ya alama yako inaweza kuwa imepimwa kwa timazi ya kamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mwamba ukachorwa mita mia kadhaa pembeni. Ramani ya kielektroniki hubeba daraja la uaminifu la vipimo vyake. Lifungue ulisome kabla ya kupanga njia, na eneo la daraja la chini liachie nafasi pana. Rada haioni mwamba uliofunikwa na maji. Kipima kina kwenye ukuta wa matumbawe kinakuonya ukiwa umeshachelewa, kwa sababu kina hutoka mita 200 hadi 2 ndani ya urefu wa meli yenyewe.

Kinachobaki ni jicho. Pita mlangoni mwa mwamba kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwa juu na nyuma yako, mtu mwenye miwani ya kukata mng'ao akiwa mahali pa juu kabisa. Buluu nzito ni kina, kijani ni mita chache, kahawia ni tumbawe lenyewe. Wingu likifunika jua, rangi zote hizo hupotea kwa pamoja. Rudisha injini nyuma na usubiri.